Wajerumani Wasiochorwa Ukutani

Kaskazini mwa jiji la Chicago, katika mtaa uitwao Lincoln Square, kuna mchoro mkubwa wa ukutani ambao jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "Kutoka Ujerumani kwa Upendo". Aliuchora Lothar Speer mwaka 1991, na ukuta mzima ni mandhari ya nchi ya Ujerumani. Karibu na hapo imesimama taa ya barabarani iliyosafirishwa kutoka Hamburg mwaka 1979. Mtaa huohuo una duka la dawa la Merz, lililofunguliwa mwaka 1875 na kuhamia hapo mwaka 1982, na kwa zaidi ya miaka 50 ulikuwa na ukumbi wa bia na muziki, Chicago Brauhaus, mpaka ukumbi huo ulipofungwa Desemba 2017. Mgeni asiyesimuliwa chochote ataondoka akiamini amepita kwenye mtaa wa Wajerumani. Atakuwa amekosea, ingawa kosa si lake. Mchoro ulipokuwa unapakwa rangi, familia nyingi za Kijerumani zilikuwa zimekwishahamia vitongoji vya nje ya jiji, na waliopita chini ya ukuta ule kila siku walikuwa pia Wagiriki, Walatino na watu wa Asia. Ukuta ulianza kuzungumza Kijerumani wakati barabara ilikuwa inaacha kukizungumza.

Jambo hilo peke yake si aibu. Kumbukumbu nyingi hujengwa baada ya wenyewe kuondoka, na hakuna anayeweka picha ya marehemu sebuleni kabla hajafa. Ninachotilia shaka ni kilichochorwa. Mchoro wa urithi wa jamii una mambo mawili ya kuchagua: walikotoka watu hao, au walichokifanya walipofika. Ukuta wa Lincoln Square ulichagua la kwanza, kama zinavyofanya kuta nyingi za namna hiyo katika miji ya Marekani. Ninavyoona mimi, uchaguzi huo unawapunja hasa wale wanaosherehekewa, kwa sababu Wajerumani wa Chicago walitenda mambo makubwa ambayo dunia inayakumbuka hata bila kuwakumbuka wao.

Tuanze na idadi. Mwaka 1900, wakazi wapatao 470,000 wa Chicago, yaani mmoja kati ya kila wanne, walikuwa wamezaliwa Ujerumani au walikuwa na mzazi aliyezaliwa huko. Walikuwa na magazeti yao, makanisa yao, vyama vya kuimba, na vyama vya mazoezi ya viungo vilivyoitwa Turner, ambavyo vilikuwa pia vijiwe vya siasa. Lugha yao iliingia katika shule za umma za jiji tangu mwaka 1865. Walipotaka kujikumbusha walikotoka hawakumsubiri mtu wa kuwachorea: mwaka 1886 sanamu ya mshairi Schiller ilisimamishwa katika bustani ya Lincoln Park, na Juni 1914 ikafuata ya Goethe, jitu la shaba lenye tai gotini. Hao walikuwa watu wenye nguvu na fedha, wanaojiona wamefika. Wiki chache baadaye vita vililipuka Ulaya.

Lakini sanamu za washairi zingeweza kusimama popote. Kilichotokea Chicago na kisingeweza kutokea kwingine kilianzia kwenye bia. Mwaka 1855 meya Levi Boone, aliyechaguliwa kwa nguvu ya chama kilichowachukia wahamiaji, alipandisha ada ya leseni ya baa kutoka dola 50 hadi dola 300 na kuamuru baa zifungwe Jumapili. Kwa mfanyakazi wa Kijerumani, Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yake pekee ya kukaa na familia bustanini, kusikiliza bendi na kunywa. Amri ile haikumgusa tajiri aliyekunywa kwake nyumbani. Wenye baa walikataa kulipa wakakamatwa, na tarehe 21 Aprili, siku ya kesi yao, Wajerumani waliandamana kuelekea mahakamani. Polisi walifyatua risasi, na mtu akafa. Uchaguzi uliofuata, mwaka 1856, wahamiaji walijitokeza kwa wingi na kuwaondoa watu wa Boone madarakani. Mtu anaweza kucheka kwamba siasa za wahamiaji wa jiji zilikomaa kwa ajili ya glasi ya bia. Acheke tu, ila aone pia kwamba watu waliokuwa wakiambiwa hawajui demokrasia ndio walioitumia kura kama inavyotakiwa.

Kisha ukaja mwaka 1886. Msomaji wa Tanzania au Kenya anayepumzika kila Mei Mosi anaupumzikia mgomo uliokuwa na kitovu chake Chicago, na sauti kubwa katika mgomo ule ilikuwa ya Kijerumani. Tarehe 1 Mei mwaka huo wafanyakazi waliacha kazi wakidai siku ya kazi isizidi saa nane. Tarehe 3 polisi waliwapiga risasi wagomaji nje ya kiwanda cha McCormick. Usiku wa tarehe 4, kwenye mkutano uliofanyika karibu na soko la Haymarket, mtu asiyejulikana mpaka leo alirusha bomu katikati ya askari, na risasi zikafuata. Askari saba walikufa, na raia wasiopungua wanne. Watu wanane walishtakiwa, bila ushahidi kwamba yeyote kati yao ndiye aliyelirusha. Watano kati yao walikuwa wazaliwa wa Ujerumani, akiwemo August Spies, mhariri wa gazeti la Kijerumani la Arbeiter-Zeitung. Wa sita alizaliwa Marekani na wazazi Wajerumani. Wanne walinyongwa tarehe 11 Novemba 1887, na wa tano alijiua gerezani siku moja kabla. Mwaka 1889 mkutano wa wasoshalisti mjini Paris ukaichagua Mei Mosi kuwa siku ya wafanyakazi duniani. Na aliyewaachia huru watatu waliobaki, mwaka 1893, alikuwa gavana wa Illinois, John Peter Altgeld, naye pia mzaliwa wa Ujerumani. Katika waraka wake alieleza wazi kwamba kesi ile haikuwa ya haki, na uamuzi huo ukamgharimu sana kisiasa.

Mhariri, mshtakiwa, marehemu na msamehevu, wote wana asili moja, na mkasa wote umetokea jiji moja. Mchoraji gani angeomba zaidi ya hapo? Hata hivyo ukuta wa Lincoln Square unatuonyesha mandhari ya nchi ambayo Altgeld aliiacha akiwa mtoto mchanga.

Ukimya huo una sababu, na si haki kumtwika mchoraji peke yake. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Ujerumani wa mtu uligeuka kuwa hatari. Hoteli ya Bismarck ya Chicago ikabadili jina na kuitwa Randolph. Klabu ya Germania ikajiita klabu ya Lincoln. Majina ya barabara kadhaa yaliyotokana na miji ya Ujerumani yakafutwa. Frederick Stock, kiongozi wa okestra kuu ya jiji, alilazimika kukaa kando kwa muda mwaka 1918 kwa sababu alikuwa hajakamilisha uraia wake. Kusini mwa jimbo hilohilo la Illinois, katika mji wa Collinsville, kundi la watu lilimnyonga mchimba makaa ya mawe Robert Prager mnamo Aprili 1918 kwa kosa la kuwa Mjerumani, na walioshtakiwa kwa mauaji hayo wakaachiwa huru. Mzazi aliyeyaona hayo aliwafundisha wanawe Kiingereza na kunyamaza. Vita vya pili vya dunia vikaongeza aibu juu ya hofu. Kwa hiyo urithi uliporudi hadharani ulirudi ukiwa umekatwa makali: nguo za sherehe, soseji, bendi, ngome za kale. Vitu hivyo havimtishi mtu. Kwa watu waliowahi kunyongewa asili yao, kuchora hata mandhari tu ya Ujerumani kwenye ukuta wa barabarani na kutia jina la nchi ile juu yake ni ushindi wa aina yake, na ningekuwa mchoyo nisipokiri hivyo.

Bado kuna jambo linalonisumbua. Wengi wa waliokuja Chicago baada ya mwaka 1945 na kutia uhai mpya katika mitaa ya kaskazini hawakutoka Ujerumani kabisa. Walikuwa wale waitwao Waswabi wa Danube, wakulima wa asili ya Kijerumani ambao mababu zao walihamia Hungaria, Romania na nchi iliyokuja kuitwa Yugoslavia tangu karne ya 18. Walifukuzwa huko baada ya vita, wakaishi kambini, kisha wakavuka bahari. Ukimwonyesha mtu wa namna hiyo mandhari ya Ujerumani umemwonyesha nchi ambayo huenda aliijua kama mkimbizi tu. Kwao ni kijiji cha Danube ambacho hakimtaki tena, na baada ya hapo, kwao ni Chicago. Kwa hiyo mchoro unaosema "mlitoka hapa" unakosea hata katika hilo dogo unalolisema, kwa sehemu kubwa ya watu wake.

Tuangalie basi nani alikuwa anauhitaji. Mwaka 1978 wafanyabiashara wa Lincoln Square, wakiona wateja wanakimbilia maduka makubwa ya vitongojini, waliigeuza sehemu ya barabara kuwa eneo la kutembea kwa miguu lenye ladha ya Ulaya ya zamani. Taa ya Hamburg ni tunda la mpango huo, na mchoro ukafuata mkondo uleule. Wakongwe watayakumbuka mapazia ya studio za picha za Afrika Mashariki, yaliyochorwa mlima wenye theluji, ziwa lenye mashua, au ngazi za jumba ambalo mteja hajawahi kulikanyaga. Hakuna aliyedanganywa. Pazia lilikuwa na kazi moja, kumpendezesha aliyesimama mbele yake. Mchoro wa Lincoln Square ni pazia la namna hiyo, na unapendeza. Ila hapa pazia lipo, mpigwa picha hayupo. Hayupo mwokaji mikate, hayupo mchapishaji wa gazeti, hayupo mwanamke wa Kiswabi na sanduku lake, hayupo mgomaji wa 1886.

Na jiji hilo haliwezi kusema halikujua njia nyingine, maana michoro ya ukutani ya kijamii kama tunavyoifahamu leo inahesabiwa kuanzia hukohuko Chicago. Mwaka 1967, kusini mwa jiji, kundi la wasanii weusi akiwemo William Walker walipaka kwenye jengo chakavu mchoro ulioitwa Ukuta wa Heshima. Waliwachora Malcolm X, Muhammad Ali, Nina Simone, John Coltrane, W.E.B. Du Bois. Hawakuchora mandhari ya Afrika, ingawa asili yao ni huko. Walichora watu waliofanya mambo Marekani, na wakawachora mahali ambapo watoto wa mtaa wangewatambua mmoja mmoja. Jengo liliungua mwaka 1971 na kubomolewa, lakini mtindo ulikuwa umekwishaenea nchi nzima. Upande mwingine wa jiji, katika mtaa wa Pilsen, Wameksiko walizijaza kuta picha za wafanyakazi na viongozi wao, na mwaka 2017, mmiliki mpya alipoifuta kwa rangi michoro ya jengo la Casa Aztlán, wakazi walikasirika na kelele zao zikazaa mchoro mpya. Hicho ndicho kipimo changu cha mchoro wa jamii: ukifutwa, nani atalia? Ngome ya kale ya Ujerumani ina watalii wake Ujerumani kwenyewe. Ikifutwa Chicago, itakuwa imepotea picha ya ngome, na ngome itabaki mahali pake.

Watu wenye busara wana majibu yao kwa haya yote, na hayastahili kupuuzwa. Wapo watakaosema sanaa ya mtaani si kitabu cha historia, na kwamba mama anayerudi kutoka kazini ana haki ya kutazama kitu kizuri badala ya watu wanaonyongwa. Nakubali haki hiyo. Lakini historia ya Wajerumani wa Chicago haijajaa vitanzi tu. Bustani ya bia ya Jumapili ya mwaka 1855, watoto, bendi na mabibi wenye kofia, ni picha ya furaha ambayo mchoraji yeyote angeipenda, na ina jambo la kusema pia, kwa kuwa furaha hiyo ilipiganiwa. Uzuri na ukweli havijawahi kugombania ukuta mmoja, isipokuwa pale mteja anapolipia uzuri peke yake.

Wengine watatukumbusha kwamba mwacha asili ni mtumwa, na kwamba kumchorea mtu nchi ya babu zake ni kumkomboa. Methali ni ya kweli, ila inabidi tuulize asili inaishia wapi. Familia iliyokaa Chicago tangu 1850 ina asili ndefu zaidi Chicago kuliko katika kijiji ambacho hata jina lake limesahaulika nyumbani. Kuiambia kwamba asili yake yote iko ng'ambo ni kuifanya mgeni wa kudumu, na neno hilohilo, kwamba wao si wa hapa, ndilo lililotumiwa na Boone mwaka 1855 na pia na wale wauaji wa 1918. Anayesherehekea na anayefukuza wanaweza kutumia ramani moja bila kujua.

Hoja nzito zaidi ni kwamba Haymarket inagawa watu. Hilo halina ubishi. Sanamu ya askari iliyowekwa mwaka 1889 kuwakumbuka polisi waliokufa ililipuliwa kwa bomu mara mbili, mwaka 1969 na 1970, na ikabidi ihamishwe. Mfanyabiashara anayeuza mikate chini ya ukuta hana sababu ya kutaka ugomvi huo. Hata hivyo mwaka 2004 jiji liliweka mahali pa tukio sanamu iliyotengenezwa na Mary Brogger, inayoonyesha watu juu ya gari la kukokotwa ambalo wahutubiaji walisimamia usiku ule, na jiji halikuungua. Kilichohitajika ni msanii aliyeona kwamba jambo la kukumbukwa na kila upande lilikuwa haki ya kusimama na kusema. Kama chama cha polisi na vyama vya wafanyakazi viliweza kukubaliana juu ya hilo, wenye maduka ya Lincoln Square wasidharauliwe kwamba hawangeweza.

Na msomaji wa Songea au Kilwa ana swali lake, tena lina uzito. Ujerumani wa kusherehekea ni upi, wakati wengine tunakumbuka vita vya Majimaji dhidi ya utawala wa Kijerumani, na Nduna Songea Mbano aliyenyongwa Februari 1906? Jibu ni kwamba swali hilo ndilo linaloufanya mchoro wa mandhari kuwa dhaifu. Mandhari haituambii ni Wajerumani gani. Kansela Bismarck aliyeketi kuongoza mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, ambako mataifa ya Ulaya yaliwekeana masharti ya kuigawana Afrika, ndiye huyohuyo ambaye sheria yake ya mwaka 1878 iliwawinda wasoshalisti wa Ujerumani na kuwafanya baadhi yao wakimbilie miji kama Chicago. Kati ya dola na waliolikimbia kuna umbali mkubwa, na umbali huo hauonekani katika mlima wala mto. Unaonekana katika nyuso na matendo. Ukimchora Spies au Altgeld, mtu wa Songea anajua anatazama nani. Ukichora ngome, ana haki ya kuuliza ilikuwa ya nani.

Urithi mwingine hauhitaji rangi, na huenda ndio wenye nguvu kuliko wote. Shule ya kwanza ya chekechea Marekani ilifunguliwa Watertown, Wisconsin, mwaka 1856 na mhamiaji Margarethe Schurz, kwa Kijerumani, na leo Wamarekani wote wanaziita shule hizo kwa neno la Kijerumani bila kufikiri. Nasi tunaposema "shule" na "hela" tunatumia maneno yaliyoachwa na Wajerumani, na hakuna anayesimama kuyapigia saluti wala kuyalaani. Kitu kilichokwisha kuwa cha wote hakidai ukuta. Ukuta unadaiwa na kile kinachoelekea kusahaulika, na kwa Chicago hicho si misitu ya Ujerumani.

Mwaka 2008, ndani ya kituo cha treni cha Western, mwendo mfupi tu kutoka kwenye mchoro, kiliwekwa kipande cha Ukuta wa Berlin kilichotolewa na Ujerumani. Upande mmoja kimejaa michoro ya watu wa kawaida wa Berlin, waliopaka rangi kwenye kitu kilichowatenganisha. Hakuna mandhari pale, wala hakuna aliyejaribu kumfurahisha mtalii. Katika mtaa mmoja, basi, kuna kuta mbili zinazodai kuisimulia Ujerumani, na ule uliovunjwa unasimulia zaidi.

Rangi ya nje haidumu. Jua, mvua na baridi ya Chicago huitafuna, na kila mchoro wa ukutani hufika siku ya kupakwa upya. Siku hiyo ikifika Lincoln Square, mandhari ibaki, maana imekwishapendwa. Ila pembeni itengwe nafasi ya karatasi moja: tangazo la mkutano wa Haymarket wa tarehe 4 Mei 1886. Lilichapishwa kwa lugha mbili, Kiingereza juu na Kijerumani chini, likiwaita wafanyakazi wakutane saa moja na nusu jioni.